Datsun 240Z: kabla hujailaumu kabureta

Kabureta husingiziwa mengi. Injini ikimisi, kabureta. Gari likinywa mafuta, kabureta. Likigoma kuwaka asubuhi, fundi anazishusha, anazisuuza kwa petroli, anazirudisha, anachukua chake, na kesho yake gari liko palepale. Katika magari ya zamani niliyoyaona yakiteswa kwa mtindo huo, hakuna lililoonewa kama Datsun 240Z, kwa sababu lenyewe lina kabureta mbili, yaani watuhumiwa wawili badala ya mmoja.

Msomaji mwenye umri wa kukumbuka mbio za magari za Pasaka za mwanzoni mwa miaka ya sabini hahitaji kutambulishwa kwa gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda mbio hizo, East African Safari, wakiwa na 240Z. Nyuma yao ikaingia 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda, safari hii akiwa na Lofty Drews. Ushindi wake ulikuwa wa kuviziana: alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa kwenye Datsun, ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupata adhabu. Enzi hizo mashindano yalikatiza nchi za Afrika Mashariki wakati wa masika, na gari lililofika mwisho, achilia mbali kushinda, lilikuwa limeshajieleza. Lile la 1971 Nissan wanalo hadi leo katika ghala lao la magari ya kale huko Zama, mkoani Kanagawa, Japani.

Sifa za mbio zilificha jambo moja: 240Z haikuwa gari la mabwanyenye. Ilitengenezwa Hiratsuka kuanzia 1969 hadi 1973, zaidi ya magari 150,000, mengi yakipelekwa Marekani na kuuzwa kwa bei ya chini mno ukilinganisha na Porsche au Jaguar. Chini ya boneti lake refu mna injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, L24, yenye ujazo wa cc 2,393, bloku ya chuma, hedi ya alumini, kamshafti moja juu, na mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Ni ndugu wa damu wa L16, injini ya silinda nne iliyokuwamo kwenye Datsun 160J zilizowahi kujaa katika barabara zetu: kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 83, na valvu zinarekebishwa kwa namna ileile. Fundi mtu mzima aliyelelewa na 160J amekwisha kuijua 240Z theluthi mbili. Kilichobaki ni silinda mbili za nyongeza.

Zilizouzwa nje ya Japani kwa nchi za usukani wa kulia zina kibati chenye herufi na tarakimu HS30. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo anayeitaka Z akiwa huko ataipata miongoni mwa zilizokwisha kuwamo nchini: iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mzee fulani, tairi zimekwisha upepo, na familia haijui iifanye nini. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeirithi Z ya namna hiyo au kuinunua kwa bei ya huruma.

Hoja yangu ni kwamba gari hili linataka kupimwa kabla ya kufunguliwa, na kupima ni kazi ambayo mwenye gari anaiweza kuliko gereji. Si kwamba ana ujuzi zaidi, ana muda. Fundi wa mtaani analipwa kwa kitu alichobadilisha. Hakuna anayemlipa kwa saa nzima aliyoitumia kugundua kwamba kitu fulani ni kizima. Na Z haina kompyuta ya kukuambia kosa liko wapi; ina mianya ya chuma, waya, mipira na petroli, vyote vinaonekana na karibu vyote vinapimika ukiwa umeinama kwenye boneti nyumbani kwako.

Vifaa vyenyewe si vingi. Datsun ni ya milimita tupu: spana namba 10, 12, 14 na 17 zitafanya sehemu kubwa ya kazi, na boksi namba 27 kwa bolti kubwa ya puli ya mbele ya krankishafti. Ongeza bati nyembamba za kupimia mwanya, kipimo cha kompresheni, taa ya taimingi, mita ya umeme na kitabu cha gereji cha mwaka wa gari lako. Halafu kuna bisibisi. Skrubu za msalaba za Kijapani, hasa zile ndogo za kwenye kabureta, zina umbo lake. Bisibisi ya nyota tuliyoizoea hukaa juujuu, ikateleza, ikala kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi za kiwango cha Kijapani, zenye alama ya JIS, na utashangaa skrubu zilizosemekana zimeganda zikitoka kwa mkono mmoja. Ukikuta kabureta ambayo skrubu zake zote zimeliwa vichwa, basi imepita kwenye mikono mingi yenye haraka.

Valvu, plagi, ndipo kabureta

Mpangilio ni huo na haubadiliki. Washa injini, liendeshe gari hadi lipate joto lake kamili, zima, toa plagi zote sita, fungua kifuniko cha valvu. Utaona kamshafti nzima kutoka mwisho hadi mwisho, na roka kumi na mbili zimejipanga chini yake. Kwa boksi namba 27 zungusha krankishafti polepole hadi nundu ya kamshafti ya valvu unayoitaka iangalie juu, mbali na roka yake. Hapo pitisha bati kati ya kamshafti na roka. Injini ikiwa ya moto, kitabu kinataka milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa valvu za kutoa. Ikiwa baridi, 0.20 na 0.25. Bati ipite kwa kukwaruza kidogo. Isilegee, isilazimishwe. Kama mwanya si sawa, legeza nati ya kufungia kwa spana 17, zungusha nguzo ya roka kwa spana 14, kaza, kisha pima upya, maana kule kukaza kwenyewe huhamisha kipimo. Mara ya kwanza kazi hii hula asubuhi nzima. Ukishazoea, unaimaliza kabla injini haijapoa.

Kwa nini uanzie huku? Kwa sababu valvu iliyobana haifungi sawasawa. Silinda yake inavuja mgandamizo, mvuto wa hewa unaozifikia kabureta unayumba, na hakuna fundi duniani atakayezilinganisha kabureta mbili zinazovuta kwenye silinda zisizolingana. Tena valvu ya kutoa isiyokaa kwenye kiti chake huungua. Iliyolegea unaisikia, inagongagonga. Na ndiyo inayowatisha watu, wakaikaza hadi sauti ikakoma. Afadhali valvu inayogonga kidogo kuliko iliyonyamaza kwa kubanwa.

Kifuniko kikiwa bado wazi, tazama nundu zenyewe. Kwenye 240Z oili hufika juu ya kamshafti kupitia bomba jembamba lenye vitundu. Kitundu kikiziba, au kiungo cha bomba kikilegea, nundu mojawapo hukosa oili na kuanza kuliwa. Nundu nzima inang'aa kwa usawa. Inayoliwa ina michirizi unayoihisi kwa ukucha. Ndiyo maana wenye injini hizi huchagua oili nzito kidogo, 20W-50 kwa mfano, yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa oili nyingi za magari ya sasa zimepunguziwa zinki. Na tahadhari moja kabla hujafunga: ukijisikia hamu ya kutoa gia ya kamshafti, labda kwa ajili ya kubadilisha gasketi ya hedi, kwanza chonga kabari ndefu ya mbao na uishindilie kati ya pande mbili za mnyororo. Bila kabari hiyo kikaza mnyororo kinachomoka huko chini, na kukirudisha ni lazima ufungue kava lote la mbele. Kipande cha mbao cha bure kinakuokoa kazi ya siku mbili.

Kipimo cha kompresheni kifuate. Tarakimu kubwa inafurahisha, lakini cha kutazama ni silinda sita zinazokaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake baada ya valvu kurekebishwa, mwagia oili kidogo kwenye tundu la plagi na upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, shida iko kwenye valvu au gasketi. Katika hali hizo mbili kabureta haihusiki, na umeokoa fedha.

Sasa umeme. Kama disitributa yako bado ni ya pointi, mwanya wake ni milimita 0.45 hadi 0.55, na wa plagi 0.8 hadi 0.9. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na rota huzunguka kinyume cha saa. Naandika hilo kwa sababu waya mbili zilizobadilishana nafasi zimewahi kumfanya mtu auze gari. Baada ya hapo kuna kidude ambacho gereji nyingi hazikigusi kabisa: kile cha duara ubavuni mwa disitributa, kinachosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa. Ndani yake mna utando wa mpira, na baada ya miaka hamsini utando mwingi umepasuka. Kukipima ni bure. Toa kofia ya disitributa, chomoa mpira wake upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo huku ukichungulia ndani. Sahani iliyobeba pointi inatakiwa isogee, kisha ibaki pale ukiuziba mpira kwa ulimi. Isiposogea, au ikisogea na kurudi, gari lako limekuwa zito na linakunywa mafuta kwa sababu hiyo, huku kila aliyeliendesha akiapa kwamba ni kabureta.

Nimeshuhudia mazungumzo haya kwenye gereji ya wazi, kijana akiwa ameshika kabureta mkononi na mzee wa kazi ameketi kwenye kreti la soda.

"Mzee, hizi nimezisafisha mpaka basi, lakini bado inamisi."

"Valvu umezipima?"

"Bado, mzee."

"Basi ulikuwa unaziogesha bure, mwanangu."

Zikifikiwa kwa zamu yake, kabureta hizi hazina fitina. Ni Hitachi zilizojengwa kwa mfumo wa SU wa Kiingereza: kila moja ina pistoni inayopanda na kushuka kufuata mvuto wa hewa, na chini ya pistoni kuna sindano iliyochongoka inayoingia kwenye jeti. Juu ya kuba kuna kifuniko kidogo cha kufungua kwa vidole, na chini yake kishimo cha oili nyepesi inayoizuia pistoni isiruke. Kishimo kikiwa kikavu, gari linasita ukikanyaga mafuta ghafla. Watu wameagiza vipuri kutoka ng'ambo kwa tatizo ambalo dawa yake ni kijiko kimoja cha oili. Kabla hujaitia, inyanyue pistoni kwa kidole na uiachie: ianguke hadi chini na kugonga kwa sauti. Ikishuka kwa kusitasita, kuba ni chafu au sindano inakwaruza jeti. Ukivifungua, usichanganye kuba la mbele na pistoni ya nyuma. Kila jozi ililinganishwa tangu kiwandani.

Kulinganisha kabureta zenyewe kuna vifaa vyake vya dukani, lakini kipande cha mpira kinatosha. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa. Sikiliza mvumo wake, hamia ya nyuma, geuza skrubu ya mwendo hadi mivumo miwili isitofautiane. Nati iliyo chini ya kila kabureta ndiyo inayoongeza au kupunguza petroli: ipandishe hadi mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, hapo ndipo pa kuanzia. Halafu nyanyua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, kama unene wa sarafu. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ikianguka kutaka kuzima, imepungua. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, acha hapohapo na usiguse tena. Kama zinakataa kulingana kila ukijaribu, angalia vijiti na viungo vinavyoziunganisha na pedali. Vikichakaa, kabureta moja hufunguka kabla ya mwenzake, na hakuna skrubu itakayotibu hilo.

Kuna kasoro moja ambayo ni ya kuzaliwa nayo. Kabureta na ekzosi viko upande mmoja wa injini, ekzosi chini, kabureta juu yake. Ukizima gari baada ya mwendo mrefu katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, petroli iliyobaki kwenye kabureta huchemka, na gari linakataa kuwaka hadi lipoe. Hakikisha bati la kukinga joto halijatupwa na fundi aliyeliona linamzuia, sogeza bomba la petroli mbali na hedi, na ukifika acha boneti wazi kidogo. Hiyo ni tabia ya gari, na utaishi nayo.

Maji ya bomba na thamostati iliyotupwa

Hapa nina ugomvi na gereji zetu. Ni desturi ya miaka mingi kutoa thamostati kwa madai kwamba nchi zetu zina joto. Injini isiyo na thamostati haifikii joto lake, hasa asubuhi za Nairobi, Arusha au Iringa. Oili inabaki nzito, petroli haichanganyiki vizuri na hewa, plagi zinakuwa nyeusi, na lawama unajua zinakwenda wapi. Kama gari linachemsha, kuna sababu: radieta imeziba, pampu imechoka, mfuniko haushiki presha, taimingi imerudi nyuma. Thamostati ni shahidi tu.

Ugomvi wa pili ni maji ya bomba. Bloku ya chuma na hedi ya alumini vikikutanishwa na maji matupu, alumini ndiyo inayolika, kimyakimya, kuzunguka njia za maji, hadi siku gasketi inakosa mahali pa kukaa. Kulenti yenye dawa ya kuzuia kutu inagharimu fedha kidogo kila baada ya miaka michache. Hedi ya L24 iliyolika haipatikani kwa urahisi kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, wala ya Kirinyaga Road, Nairobi, na ikipatikana muuzaji anajua anachokishika.

Adui mkubwa

Yote niliyosema hadi sasa yanatengenezeka. Injini ya L inaweza kushushwa, kufumuliwa na kurudishwa. Ni chuma cha kuvumilia. Kinachoiua Z ni kutu. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo mifupa, na Wajapani wa 1970 hawakuwa wameikinga ipasavyo. Mwenye kuinunua asitazame rangi. Afungue boneti, atoe betri, atazame trei lake. Asidi ya betri hudondoka pale kwa miaka, ikatoboa trei, kisha ikaendelea kushuka hadi kwenye reli iliyo chini. Kisha anyanyue mazulia. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji unaopaswa kutoa maji ya mvua. Ukizibwa na majani, maji yanageukia ndani na kukaa chini ya zulia, na sakafu inaoza ikiwa imefunikwa vizuri. Halafu kona za chini nyuma ya milango mbele ya tairi za nyuma, kingo za mlango wa nyuma, na shimo la tairi la akiba.

Chukua sumaku iliyofungwa kitambaa usikwaruze rangi, uipitishe kwenye sehemu hizo. Isiposhika, umekuta puti. Chini ya gari tumia bisibisi butu: gonga reli na sakafu, usikilize. Chuma kizima kina mlio, kilichooza kinabonyea. Lami nene nyeusi iliyopakwa chini kote isikutulize, mara nyingi ndiyo pazia. Gari lililolala Tanga, Zanzibar au Malindi likipigwa na upepo wa chumvi likaguliwe kwa ukali mara mbili ya lililolala Nakuru au Dodoma. Kwa bei moja, chagua lenye injini iliyokufa na bodi nzima, kamwe usichague kinyume chake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye Z usipokwangua kutu mapema utajenga sakafu nzima. Kutu ya juujuu ni kazi yako: ikwangue hadi chuma cheupe, paka dawa, paka rangi ya kuzuia, fungua mifereji yote ya maji. Kutu iliyotoboa reli ni kazi ya mtu anayejua kuchomelea bodi ya mzigo na kuipima isipinde. Usikubali kipande cha bati kibandikwe juu ya uozo. Kinashika vumbi na maji katikati, na mwaka unaofuata unalipa tena.

Nyuma ya gari kuna kazi nyingine ya kumkomesha mtu jeuri: pini ndefu zinazoshika mikono ya chini ya shokapu za nyuma. Kila pini imefungwa na kijipini chembamba cha kabari katikati, na imepita ndani ya mirija ya chuma ya bushi. Unyevu ukiingia, pini na bushi vinakuwa kitu kimoja. Watu wamezipiga nyundo hadi nyuzi zikaharibika na pini isisogee. Mwagia mafuta ya kupenyeza kwa siku kadhaa, ukiweza peleka mkono mzima kwenye presi, na agiza pini mpya kabla hujaanza, kwa sababu ya zamani mara nyingi haitoki ikiwa nzima. Kama bushi zako bado hazijachoka, achana nazo. Kuna heshima katika kujua kitu cha kutogusa.

Upande wa umeme nitakuwa mfupi. Moto wote wa taa za mbele hupita kwenye swichi ya usukani na kwenye fyuzi boksi yenye vishikio dhaifu. Huko ndiko joto linakoanzia na plastiki kuyeyuka. Weka rilei mbili, swichi ibaki kutoa amri tu. Utaona barabara vizuri zaidi, na swichi yenyewe, ambayo si rahisi kupatikana, itadumu.

Yaliyobaki yanahusu roho yako. Umbo la nyuma la 240Z linapendeza machoni, lakini gari likiwa katika mwendo hewa hugeuka nyuma ya mlango wake na kuvuta moshi wa ekzosi kuurudisha ndani kupitia mpira uliochoka. Dereva anapata kichwa kizito, anadhani ni jua. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Badilisha mpira wa mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma na vizibo vyote vya mipira waya zinapopenya, na hakikisha bomba la ekzosi linafika nje ya bampa. Namna ya kupima ni ya kizamani: mtu mmoja afungiwe ndani na tochi usiku, mwenzake azunguke nje akitafuta mwanga unapopenya.

Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati. Weka stendi za chuma, kwenye sakafu ngumu, chini ya sehemu ambazo umekwisha kuthibitisha kwamba hazijaoza. Breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za dramu. Gari likikaa miaka bila kutembea, pistoni hushika, oili ya breki hunywa unyevu, na mipira huvimba kwa ndani huku nje ikionekana mizima. Unaweza kuvibadilisha mwenyewe ukifuata kitabu, lakini kabla ya kutoka barabarani mwombe fundi wa breki unayemwamini akague kazi yako, na umlipe kwa kukagua.

Mwenye Z iliyolala nyumbani, kazi ya kwanza ya wiki hii ni kubadilisha mipira yote ya petroli kutoka tangi hadi kabureta, kwa sababu iko juu ya ekzosi ya moto na umri wake ni wa gari. Ya pili ni mipira ya breki. Rangi isubiri.